Maji ya Saa Sita

Katika bonde lile watu hawaogopi usiku. Usiku kuna ubaridi, kuna soga, kuna vijana wenye homa ya mapenzi wanaopiga miluzi hadi alfajiri. Wanachoogopa ni saa sita mchana. Jua likisimama utosini, milango inafungwa, mbwa wanajikunja chini ya mikokoteni, na jangwa la pande zote mbili linaanza kucheza machoni hata mtu anaona maji pasipo maji. Ukimwona mtu shambani saa hiyo, wanasema wenyeji, usimwite kwanza. Mwangalie miguu.

Inspekta hakuwa mwenyeji, na miguu ya watu aliiangalia kwa sababu nyingine. Mama huyu mfupi, mwenye maneno makavu kuliko bonde lenyewe, aliletwa kutoka makao makuu siku tatu zilizopita, na tangu asubuhi alikuwa amekaa juu ya gunia ndani ya ghala tupu, jicho kwenye tundu la ukuta. Mbele yake lilitandaa shamba la matikiti la eka mbili. Mwenye shamba alikuwa na siku ishirini na nne tangu apotee, na siku zote hizo lango lake la maji lilikuwa limefungwa kwa kufuli. Matikiti yalikuwa yamenona, majani mabichi, maua juu.

"Kwa joto hili tikiti linaishi siku ngapi bila maji?" aliuliza bila kutoa jicho tunduni.

"Siku ya nane linaanza kulalamika," akajibu Mgawa Maji. "Ya kumi na sita unalifanyia matanga."

Mgawa Maji alikuwa mwanamume mwembamba mwenye filimbi shingoni na saa mbili, moja kila mkono, kwa maelezo kwamba moja ikidanganya nyingine itaisuta. Bonde zima lilinywa kutoka mfereji mmoja, na mfereji ulikuwa mikononi mwake. Kila mwenye shamba alikuwa na saa zake mbili za maji, na zamu ilimrudia baada ya kila siku nane. Saa zake zikifika, Mgawa Maji hupanda ukingoni, hupuliza filimbi na kumwita. Akijibu "Nipo!" anafunguliwa. Asipojibu, maji yanapita zake. Aliyepotea alikuwa na zamu isiyotamaniwa na mtu, ya saa sita hadi saa nane mchana, ambayo nusu ya maji yake hunywewa na jua. Ndiyo maana bonde zima lilimwita Saa Sita, na jina alilopewa na mama yake likasahaulika.

"Na bado unamwita?" Inspekta aliuliza. "Ukijua hayupo?"

"Kanuni ni kanuni, Afande. Namwita mpaka siku ya arobaini, na lazima ajibu mwenyewe. Asipojibu, shamba na zamu vinakwenda kwa jirani wa juu. Mtoro hana maji."

"Jirani wa juu ni nani?"

"Kaka yake mkubwa. Tumbo moja."

"Na kama hakutoroka? Kama amekufa?"

"Hiyo ni habari nyingine. Akifa, vyote ni vya mjane na wanawe, hakuna wa kuvigusa." Mgawa Maji aliangalia saa ya kushoto, kisha ya kulia. "Lakini kufa kunataka maiti, Afande. Kutoroka hakutaki kitu."

Alitoka. Inspekta akamwona akipanda ukingo wa mfereji, peke yake chini ya jua lile, akavuta pumzi na kupuliza. Sauti ya filimbi ilikwenda mpaka kwenye majabali na kurudi.

"Saa Sita! Maji yako!"

Kimya. Hata nzi walikuwa wamelala. Mgawa Maji alisubiri kama kanuni ilivyotaka, akatikisa kichwa, akarudi ghalani haraka kuliko alivyokwenda.

Dakika kumi zikapita. Hakuna aliyekuja. Kisha kwenye kona ya juu ya shamba kitu kiling'aa. Inspekta alidhani ni macho yake, akayafuta jasho, akatazama tena. Kiling'aa zaidi, kikasogea. Na sasa palisikika sauti ndogo, ya ardhi kavu inayonyonya.

Alikwenda mbio. Lango alilipita kwanza: kufuli mahali pake, na kwenye mdomo wa lango buibui alikuwa ametandaza utando wake, mzima, bila uzi uliokatika. Chini ya lango palikuwa pakavu. Lakini ndani ya shamba maji yalikuwa yakitambaa kati ya tuta na tuta, polepole, kama yanayojua njia. Hapakuwa na unyayo wa mtu. Katikati ya shamba ilisimama sanamu ya kutishia ndege, mikono imenyooshwa, kichwani kofia ya ukili yenye kiraka cha bluu. Ndege walikuwa wamejaa mabegani mwake. Sanamu ile ilikuwa imeacha kutisha ndege, sasa ilitisha watu.

"Ingia basi uone," Inspekta alimwita Mgawa Maji, aliyegoma kwenye ukingo.

"Mimi nimeajiriwa na walio hai, Afande."

Inspekta alichuchumaa. Nywele za mkono zilikuwa zimemsimama, na alichukia kwamba zimesimama. Alitazama maji kwa muda mrefu. Kisha akatumbukiza vidole viwili, akatoa kitu kilichokuwa kikielea, chepesi, chekundu, chembamba kuliko karatasi. Akakitia kwenye bahasha.

"Nani analima vitunguu karibu hapa?" aliuliza.

"Mmoja tu. Huyo kaka mtu."

*

Mke wa Saa Sita aliishi mwanzoni mwa shamba, kwenye nyumba ya udongo yenye kuta nene na mlango uliolipa jua kisogo. Ndani kulikuwa na mtungi, kitanda, na madaftari ya shule ya watoto wawili, ambao alikuwa amewapeleka kwa mama yake ili wasisikie yanayosemwa. Yaliyosemwa yalikuwa mawili: kwamba amemuua mumewe, au kwamba amemficha na wanaiba maji pamoja. Lisemwalo lipo, watu walisema, wakaacha kumwazima hata chumvi.

"Siku ile alitoka saa ngapi, dada?"

"Kabla ya saa nne. Mapema kuliko zamu yake. Alikuwa na furaha, anaimba."

"Kwa nini mapema?"

"Hakuniambia. Alisema nitajua akirudi."

"Alivaa nini?"

"Shati la kazi na kofia yake. Miguuni hakuvaa kitu. Mume wangu hakuwahi kumwagilia na viatu, alisema mguu ndio unaojua kama tuta limeshiba." Alionyesha kwa kidole. Ndala za mwanamume zilikuwa zikining'inia kwenye msumari wa mlango, zimeanza kushika vumbi.

"Na kofia ilifikaje kwenye sanamu?"

Mwanamke alikaza kanga yake. "Wiki moja baada ya kupotea niliamka, ikawa pale. Afande, mimi sikulala siku tatu. Nilidhani amekuja usiku akaogopa kubisha."

Mlango ulitiwa kivuli. Aliyeingia alikuwa mtu mkubwa wa mwili na mdogo wa sauti, mkononi ana pakiti ya sukari na kidumu cha mafuta ya taa, miguuni mabuti ya mpira yaliyofika magotini. Alivua kofia kwa heshima.

"Shemeji, nimekuletea vitu viwili vitatu. Shikamoo, Afande."

"Marahaba. Wewe ndiye kaka mtu."

"Ndiye mimi, na aibu ni yangu. Mdogo wangu kanivunja uso. Mtu anaacha mke, anaacha watoto, anadandia lori la vitunguu kama mhuni!" Machozi yalimlenga kweli, wala hayakuwa ya kununua. "Lakini sitamtupa shemeji yangu. Siku ya arobaini shamba likinijia, atakula humo humo. Damu nzito kuliko maji, Afande."

"Huku kwenu?" Inspekta alisema. "Nilidhani huku hakuna kizito kuliko maji."

Kaka mtu alicheka kidogo, kwa adabu. Mke wa Saa Sita hakucheka. Alikuwa akiitazama pakiti ya sukari kana kwamba kuna kitu kinatembea ndani yake.

*

Aliyemwona mtoro alikuwa mpakiaji wa mizigo kwenye kituo cha malori, kijana wa kifua kipana na maneno mengi. Inspekta alimkuta amelala juu ya magunia.

"Nilimwona kwa macho yangu haya mawili! Saa Sita, jioni ya siku ile, kapanda lori la vitunguu."

"Ulimwona uso?"

"Uso kaufunga kitambaa. Vumbi la pale unalijua?"

"Sasa ulimjuaje?"

"Kofia! Ile ya kiraka cha bluu. Bonde zima linaijua."

"Kwa hiyo uliona kofia."

Mpakiaji alijipangusa vumbi la magunia.

"Miguuni je?"

"Ah, mabuti. Mabuti ya mpira. Nakumbuka kwa sababu alikanyaga vidole vyangu akipanda, wala hakusema pole. Nikasema, wee Saa Sita, umeanza lini kuvaa mabuti?"

"Akajibu nini?"

"Hakujibu. Akashuka njia panda tu pale, kilomita tano. Nikasema huyu kabadilisha gari."

Inspekta aliandika mstari mmoja kwenye daftari lake. Kofia haipandi lori peke yake, na hairudi peke yake. Aliyeiondoa bondeni ndiye aliyeirudisha, na kama angekuwa Saa Sita, angeanza na ndala zake.

Ofisini kwa kamati ya maji, chini ya pangaboi lisilozunguka, ubao wa zamu ulichukua ukuta mzima. Inspekta aliusoma mara mbili. Saa nne hadi saa sita: mkubwa. Saa sita hadi saa nane: mdogo. Pembeni mwa mistari hiyo miwili palikuwa na mshale wa chaki uliofutwa vibaya.

"Mshale huu ni wa nini?"

Mgawa Maji alijikuna shingo. "Ah, hiyo. Zamani lilikuwa shamba moja, la baba yao. Alipofariki aliacha neno: asubuhi na saa sita mbadilishane kila mwaka, vitunguu vikishavunwa. Mkubwa akaanza na asubuhi. Miaka kumi na moja, hajabadilisha. Kila mwaka ana udhuru."

"Na mdogo alinyamaza?"

"Mpaka mwaka huu. Kaja hapa mbele ya kamati, kasema yake, kamati ikampa. Zamu ya asubuhi ingeanza kuwa yake siku ile ile..." Alisita. "Siku ile ile aliyopotea. Nilikuwa kwenye malango ya chini tangu alfajiri. Nilimwachia ufunguo ajifungulie. Jioni nikaukuta umetundikwa langoni. Alipopotea tukaufuta mshale, zamu zikarudi kama zamani."

"Siku tatu nimekaa na wewe, na hukuniambia!"

"Afande, aliyetoroka ndiye aliyeshinda kesi. Nani angefikiri?"

"Ndiyo," alisema Inspekta. "Nani angefikiri."

*

Bomba walilipata asubuhi ya siku ya thelathini na moja, kwenye tuta refu la mpaka kati ya mashamba mawili, nyuma ya miiba mikavu iliyopangwa na mtu. Lilikuwa bomba la udongo, nene kama paja, la kizamani. Mgawa Maji alipoliona alijipiga kofi kwenye paji la uso.

"La marehemu baba yao! Ardhi hii ina chumvi, lazima ioshwe. Alikuwa anaosha shamba la juu, maji ya chumvi yanashukia la chini, yanatokea jangwani. Nilidhani lilishazibwa."

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Kaka mtu alimaliza zamu yake saa sita, akafungua tuta lake la mwisho kwa jembe upande wa shamba lake, akaenda kulala kama watu wote. Maji yalijipeleka yenyewe, yakibeba maganda ya vitunguu, na kutokea chini kwenye shamba la mtu aliyepotea. Mzuka ulikuwa na bomba, na kofia iliwekwa kwenye sanamu ili watu wauogope. Inspekta alijisikia nafuu, na nafuu hiyo ilidumu muda mfupi tu, kwa sababu swali lililofuata lilikuwa baya zaidi.

Alimuuliza mke wa Saa Sita, wamekaa wote watatu kwenye kivuli cha ghala. "Dada, mimi si mkulima. Nifundishe. Mtu anasubiri shamba likauke ili limjie kwa kanuni. Kwa nini alimwagilie kwa siri?"

"Labda ana huruma na matikiti."

"Matikiti siku ya arobaini yatakuwa yake, sawa. Lakini hayo ni mavuno ya msimu mmoja tu, na akikamatwa anamwagilia atapoteza shamba lote. Anaogopa nini likikauka?"

Mwanamke alichukua bonge la udongo, akalivunja. "Udongo huu ni wa mfinyanzi. Ukikauka unapasuka. Vipande vidogo vidogo, vinalingana, kama mtu kavikata. Ila palipochimbwa. Palipochimbwa hapapasuki hivyo. Panafanya ufa mmoja mrefu, pembeni, wa kuzunguka." Alionyesha kwa mkono nyuma ya nyumba. "Punda wetu alikufa mwaka juzi, tukamzika pale. Mpaka leo kiangazi kikikaza unamwona umbo lake, na miguu. Udongo wetu hausaha..."

Hakumaliza. Bonge lilimdondoka. Mgawa Maji aliangalia saa zake mbili kwa kukosa pa kuangalia. Inspekta alifunga daftari lake, na hilo lilikuwa jambo la huruma kuliko yote aliyoyafanya bondeni.

"Muda wote huu," mwanamke alisema mwishowe, kwa sauti ya chini kabisa. "Nilikuwa nikifurahi. Kila nikiona maji nilisema ni yeye, yupo mahali, anatujali."

Inspekta akasema lililobaki. "Kesho ni siku ya maji. Nikiziba bomba, mpaka siku ya arobaini shamba litakuwa na siku kumi na sita kavu. Utapoteza mavuno yote. Na kama nimekosea, utapoteza na shamba. Siwezi kuziba bila neno lako."

"Nichimbe mimi leo. Nipe jembe."

"Eka mbili, dada, na tope. Akituona tu, atasema wewe ndiye uliyemzika. Nyufa zitanionyesha marehemu. Hazitanionyesha muuaji. Nataka ajionyeshe mwenyewe."

Mke wa Saa Sita alisimama, akaingia ghalani, akatoka na gunia. Alilijaza udongo kwa mikono yake, akaenda mpaka kwenye tuta la mpaka, akalala kifudifudi, akalisukuma ndani ya bomba kwa mpini wa jembe mpaka likakwama ndani, mbali na mkono wa mtu. Alirudi na chumvi nyeupe kwenye magoti.

"Mtu asikanyage shamba langu mpaka siku hiyo," alisema.

*

Hakuna aliyekanyaga. Siku ya thelathini na mbili filimbi ililia, jina likaitwa, na maji hayakuja. Watu walisema Saa Sita amechoka kurudi. Siku ya thelathini na nne majani yalikunja ncha. Siku ya thelathini na saba yalilala chini, na matikiti yakabaki wazi juani, yakipauka upande mmoja. Usiku mwanamke aliyasikia yakipasuka, moja moja, akalia kwa ajili yao waziwazi kama mtu anayelilia mifugo.

Kaka mtu alikuja mara tatu. Mara ya kwanza kwa sukari. Mara ya pili kwa ushauri: amwombe Mgawa Maji huruma, afungue lango saa moja tu. Mara ya tatu alipandisha sauti yake ndogo.

"Shemeji, unaua shamba kwa kiburi! Niruhusu nilete hata mapipa!"

"Shamba la mtoro, shemeji," alijibu, kama alivyofundishwa. "Acha lifuate mwenyewe."

Siku ya arobaini, saa sita, kamati ingekuja kulikabidhi. Kanuni ilitaka wajumbe walitembelee lote, mstari kwa mstari, wakikagua mipaka. Saa tano kamili bonde lilikuwa limeshafunga milango. Ndani ya ghala walikuwamo watu watatu: Inspekta kwenye tundu, Mgawa Maji kwenye gunia, na mke wa Saa Sita ameegemea ukuta. Askari wawili walilala chini ya mkokoteni wa nje, wakigombania kivuli na mbwa.

Walisikia magurudumu kwanza. Mkokoteni wa punda ulishuka taratibu kando ya tuta la mpaka, umebeba mapipa mawili. Mtu mkubwa mwenye mabuti ya mpira aliteremka. Alitazama nyumba, akatazama mfereji, akachota ndoo.

"Kaleta maji," Mgawa Maji alinong'ona. "Afande, pengine ni huruma tu. Tumemdhania vibaya."

"Hesabu," alisema Inspekta.

Kaka mtu alipita tuta la kwanza, lenye matikiti manene yaliyokaribia kufa. Hakuyapa tone. Akapita la pili. La tano. La kumi. Aliipita sanamu na kofia yake bila kuinua macho, akasimama hatua sita mbele yake, mahali ambapo mashina machache yalikuwa yameotea kombo na hayakuwa na tunda hata moja. Pale alimimina ndoo nzima, polepole, akizunguka. Akarudi mkokotenini. Akachota ya pili, akapita matikiti yale yale, akamimina pale pale. Ya tatu. Ya nne. Kisha alipiga magoti na kuanza kusawazisha udongo kwa viganja, kwa upole, kama mtu anayemtandikia mgonjwa.

Inspekta alitoka ghalani. Alitembea juu ya udongo uliopasuka vipande vidogo vinavyolingana, eka nzima ya vipande, mpaka akasimama nyuma ya mabuti.

"Shemeji wa watu," alisema. "Una ndoo ngapi?"

Kaka mtu aligeuka. Mikono yake ilikuwa matope hadi viwiko.

"Naokoa matikiti, Afande."

"Yapo mia tatu, yote yana kiu. Umekuja kunywesha mahali pasipo na hata moja."

Kaka mtu alitazama chini, kwenye kazi yake. Alikuwa amechelewa kidogo: upande mmoja maji yalikuwa yameziba ufa, lakini upande wa pili ulikuwa bado wazi, mrefu, mweusi, umejipinda kwa kimo cha mtu aliyelala ubavu.

"Alikuja kunipokonya asubuhi yangu," alisema. Sauti ilikuwa ndogo kuliko siku zote. "Anaimba. Amesimama kwenye lango lake, pekupeku, anaimba. Nilimpiga mara moja tu, Afande. Mara moja. Kisha nikaona maji yanamwagika bure, nikafunga lango. Milango ilipofungwa saa sita nikamzika hapa, nikalirudisha tuta lake. Na mashina niliyoyang'oa nikayarudisha. Sikuyatupa."

"Nimeona," alisema Inspekta. "Hayakuzaa."

Askari walimchukua. Hakushindana nao. Siku za mwizi ni arobaini, angesema mtu mwingine, lakini Mgawa Maji, ambaye hakuwahi kukosa methali, aliishika filimbi yake tu. Wajumbe wa kamati walikuwa wameanza kufika, wakasimama ukingoni kwa mstari, kofia mikononi, hakuna aliyeshuka.

Mke wa Saa Sita alipita katikati yao. Aliivua sanamu ile kofia, akaipangusa vumbi kwa kanga, akaenda kusimama kwenye ufa. Aliiweka kofia chini, pale alipodhani ndipo penye kichwa.

Mgawa Maji aliangalia mkono wa kushoto, akaangalia wa kulia. Ilikuwa saa sita kamili. Kanuni ni kanuni, na mwenyewe hakujua afanye nini kingine na mikono yake. Alipanda ukingo, akaweka filimbi mdomoni, ikagoma mara ya kwanza, ikalia mara ya pili. Sauti ilikwenda kwenye majabali na kurudi.

"Saa Sita!" aliita. "Maji yako!"

Inspekta alimwona yule mwanamke akinyanyua uso.

"Tupo!" alijibu. Kisha, mkono wa Mgawa Maji ukiwa tayari kwenye kufuli, akasema tena. "Lakini usifungue bado. Tumtoe kwanza. Asilowe tena."